Mirunda ya Upande wa Migomba

Pale Kyimo, ukitaka kujua msingi wa nyumba yako una kina gani, huna haja ya ramani. Ramani ya nani? Unamwendea fundi Lutufyo. Atakuna kidevu, atautazama Mlima Rungwe kama vile huko ndiko alikoandika, halafu atakwambia, "Wako tulichimba wiki ya msiba wa mama yake Ambindwile. Futi tatu na nusu, ila kona ya jikoni futi nne, kulikuwa na kisiki cha mparachichi." Unachimba, unakuta futi nne, na mabaki ya kisiki yapo.

Wengine huhesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Lutufyo alihesabu kwa misiba. Usimcheke. Kwetu huku mtu akifa kazi inasimama: mwiko chini, jembe chini, kapu la chai linabaki mlangoni, kila mtu yuko msibani. Kwa hiyo kazi yoyote ya fundi inakaa katikati ya msiba huu na msiba ule, na mwenye kichwa kizuri hapotei. Na Lutufyo kichwa alikuwa nacho, bwana. Alianza kwa kubeba ndoo za mchanga kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, akapanda hadi kuwa fundi mkuu, na katika miaka thelathini na mitano hiyo hakuwahi kushika daftari. Nusu ya nyumba za matofali kati ya Kyimo na Tukuyu mjini zimepita mkononi mwake.

Majivuno pia alikuwa nayo, tusifichane. Mkewe, Atupele, alikuwa akisema mbele za watu kwamba tangu waoane hajawahi kumsikia akitamka neno "nimekosea". Hata siku aliyorudi kutoka mnadani na mbuzi wa mtu mwingine, alisema mbuzi ndiye aliyekosea kumfuata. Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini neno lenyewe hakulitoa.

Sasa, kikundi cha wakulima wa ndizi kilipoamua kujenga ghala, chini pa kupakilia ndizi na juu ofisi, fundi mkuu hakutafutwa, alikuwa anajulikana. Ila safari hii kikundi kilileta na injinia. Jenifer aliishi Mbeya mjini, binti wa miaka isiyofika thelathini, buti za mvua mguuni, sauti ya upole na msimamo wa chuma. Alifika saiti Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine alikuwa ndani ya simu.

Ndani ya simu, ndiyo. Alimwekea Lutufyo programu ya kusimamia ujenzi. Humo mlikuwa na ramani zote, kila kipande cha jengo na jina lake, nani kafanya nini siku gani, saruji iliyobaki stoo, na picha. Picha kila asubuhi saa tatu, kila upande wa jengo, zikitumwa tu Jenifer anaziona kule Mbeya. Na ukitaka kufanya jambo kubwa, kama kutoa mirunda, zile nguzo za miti zinazoishikilia slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofani, mpaka zege likomae, lazima uombe kibali humo humo na programu ikuhesabie siku. Ishirini na moja, kwa baridi ya Kyimo. Chini ya hapo inakukatalia.

"Baba, hii itakusaidia sana," Jenifer alimwambia.

"Kunisaidia nini, mwanangu? Mimi simu yangu iko humu," Lutufyo alijibu akijigonga kipaji, na vibarua wakaangua kicheko.

Tumpe haki yake, picha alipiga. Kila siku saa tatu, hata mvua ikinyesha, kwa sababu alikuwa ameahidi na yeye si mtu wa kuvunja ahadi. Kuna siku programu ilionyesha ramani ya choo imebadilishwa, ukuta ukanusurika kujengwa mahali pasipo pake, na hata hapo alisema tu, "Haya, leo imebahatisha." Lakini zile taarifa za kukumbusha hakuzisoma hata moja. Sauti ya programu aliizima kwa sababu iliwahi kulia kanisani, katikati ya sala, waumini wote wakageuka.

Mwezi wa tatu mvua ilikuwa haina adabu. Wakamwaga slabu kwa mafungu mawili, upande wa migomba na upande wa barabara. Na mwezi huo huo, kwenye ua mmoja, wakafa watu wawili. Alianza mzee Ambilikile. Wiki mbili baadaye akafuata mdogo wake, Andongwisye. Ua ule ule, turubai lile lile, kwaya ile ile, hata sufuria za ndizi mbalaga zilikuwa zile zile. Fungu la kwanza la zege walilimwaga baada ya msiba wa kwanza, na fungu la pili baada ya msiba wa pili. Kumbuka hapo.

Siku kumi baada ya fungu la pili, Alhamisi, akafariki mzee Anyelwisye, jirani wa ghala lenyewe. Nyumba yake na saiti vilitenganishwa na mstari wa migomba tu. Alikuwa rika la Lutufyo, wamechunga ng'ombe pamoja, wamebatizwa siku moja. Lutufyo alilia bila kujificha. Saiti ikafungwa, mafundi wote wakahamia msibani.

Ijumaa asubuhi Prosper, mtoto wa kwanza wa marehemu, mtu mzima mwenye familia yake, alimfuata.

"Baba, tuna shida. Maturubai tumepata, mianzi haihimili. Jana maji yamejaa juu, ikavunjika. Tunaomba mirunda, hata thelathini tu. Jumapili inarudi."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Umnyime mfiwa nguzo, na wewe una msitu mzima wa nguzo chini ya slabu yako? Kwetu huku ukifanya hivyo, siku ukifa wewe watakuja watu wanne, na wawili watakuwa wamelazimishwa. Lutufyo hakufikiri mara mbili.

"Toeni ya upande wa migomba. Ile imekomaa, tulimwaga msiba wa Ambilikile. Ya barabarani msiiguse, hiyo ni changa, ya msiba wa Andongwisye."

Baraka, fundi nondo ambaye amefanya naye kazi miaka tisa, alisimama akiishika nyundo. "Fundi, huku kwenye migomba si ndiko tulikomalizia? Una uhakika?"

Lutufyo alimgeukia. "Baraka, umeanza lini kunihesabia misiba?"

Baraka akageuka na nyundo yake. Wakaigonga mirunda moja baada ya nyingine, ikatoka, vijana wakaibeba mabegani kupitia migombani. Kibali kwenye programu hakuomba. Kibali cha nini, cha kuzika? Mbao za chini zilibaki zimeng'ang'ania zege, na juu ya slabu zilibaki tofali mia sita zilizokuwa zimepangwa tangu wiki ile kusubiri kuta za ofisi.

Jumamosi ndiyo siku ya maziko. Saa tatu Lutufyo, akiwa tayari na koti lake la msibani, alipitia saiti akapiga picha zake kama kawaida, pande zote. Mtandao ulikuwa unasuasua. Picha zikakaa kwenye simu zikizunguka, naye akaitia simu mfukoni akaenda kukaa na wazee.

Saa sita na nusu mbingu ikafunguka. Si mvua ya kunyesha, mvua ya kumwaga. Maturubai yalivimba kwa maji, wanaume wakayasukuma kwa miti, maji yakaporomoka kwenye migongo ya akina mama. Mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, si kuna ghala hapo!" Basi, umati ukavuka migombani. Watu mia mbili na zaidi, na mabenchi, na viti vya plastiki, na kinanda cha kwaya kimefunikwa nailoni. Upande wa barabara mvua ilikuwa inapigwa na upepo mpaka ndani, tena kulikuwa na mirunda imesongamana, hapakaliki. Upande wa migomba ulikuwa mkavu na mweupe, hauna nguzo hata moja ya kukuzuia goti. Wazee na akina mama wenye watoto wakapelekwa huko kwa heshima.

Lutufyo alisimama ukingoni akitazama. Niseme ukweli, alijisikia vizuri. Msiba wa rafiki yake umepata paa, na paa ni lake.

Simu ikatetemeka mfukoni. Jenifer.

"Shikamoo, baba. Picha zako zimeingia sasa hivi. Mirunda ya slabu ya migombani iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumewaazima wafiwa. Usiwe na wasiwasi, ile ilishakomaa. Tulimwaga msiba wa Ambilikile."

"Hapana, baba."

"Nakwambia mimi niliyeimwaga..."

"Baba, ina siku kumi na mbili. Fungua programu, bonyeza slabu ya migombani, tazama picha ya siku ile. Halafu uniambie, kuna mtu chini yake?"

Lutufyo alitazama. Akina mama walikuwa wamekaa magoti kwa magoti. Mtoto mmoja alikuwa ananyonya.

"Upo, baba? Kuna mtu..." Simu ikakatika.

Alifungua kwa kidole kilicholoa, simu ikakataa, akakifuta kwenye suruali, ikakubali. Slabu ya migombani. Picha ikaja taratibu, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya zege. Vibarua. Yeye mwenyewe na buti zake. Na pembeni, karibu na migomba, sweta jekundu, mkononi fimbo, mdomo wazi kwa kicheko, mzee Anyelwisye.

Siku ile aliikumbuka sasa, yote. Anyelwisye alikuwa na siku nne tu tangu atoke hospitali. Alikuja kwa miguu yake, akajishikiza kwenye fimbo, akasema, "Lutufyo, zege hilo likikauka nitakuja kujikinga mvua chini yake." Na wakati wa msiba wa Ambilikile, Anyelwisye alikuwa kitandani wodini. Lutufyo mwenyewe ndiye aliyempelekea uji kwenye chupa. Mtu hawezi kuwa wodini Tukuyu na huku akacheka migombani Kyimo. Mpango ulikuwa kuanza na upande wa migomba, kweli, mwezi mzima walikuwa wakiupanga hivyo. Lakini asubuhi yenyewe lori la kokoto lilizama kwenye tope la migombani, wakageuza, wakaanzia barabarani. Kichwa chake kilikuwa kimeshika mpango, hakikushika kilichotokea.

Aliogopa.

Mchungaji alikuwa amesimama katikati akisoma wasifu wa marehemu. Lutufyo alipita nyuma, akamnong'oneza Prosper, "Mwanangu, watoe watu upande huu. Sasa hivi. Warudi kwenye maturubai."

Prosper alimtazama kama asiyemwelewa. "Baba, kwenye mvua hii? Mama yangu yuko hapa. Unatufukuza?"

"Siwafukuzi. Injinia amepiga simu."

"Injinia yuko Mbeya!" alidakia mzee mmoja kwenye benchi. "Mvua iko hapa. Mwambie aje aione."

Minong'ono ikaanza. Mchungaji akasita. Kuna aliyesema kikundi cha ndizi kinaona uchungu ghala lao kuchafuliwa, na mwingine akajibu, "Si wameanza kuwa matajiri." Mwanamke mmoja akaguna kwa nguvu ili asikike. Lutufyo aliwasikia wote. Alipiga hatua akasimama mbele kabisa, akapaza sauti.

"Ndugu zangu, naomba tutoke upande huu. Taratibu, lakini tutoke. Hapa pana hatari."

Wachache walinyanyuka nusu. Waliobaki walimtazama bibi Tusajigwe.

Huyo ndiye dada mkubwa wa marehemu. Miaka themanini na kitu, amekaa kwenye kiti cha mbao katikati ya upande wa migomba, kitenge kimefungwa kifuani. Asipoinuka yeye, hainuki mtu.

"Lutufyo," alisema, taratibu, kila neno likisikika. "Jana si wewe uliyewaambia watoto kwamba zege limekomaa?"

"Ni mimi, mama."

"Na wewe huwa hukosei. Nyumba yangu umejenga wewe. Miaka ishirini na mbili, haina ufa. Sasa nimwamini nani, wewe au simu?"

Watu waliitikia, "Ndiyo hapo!" Sifa aliyoijenga miaka thelathini na mitano ilikuwa imekaa kwenye kile kiti na haitaki kutoka.

Hapo hapo tone likamdondokea Lutufyo shingoni. Aliinua macho. Kwenye maungio ya mbao, juu kidogo ya kiti cha bibi, kulikuwa na mstari mwembamba wa maji. Maji yanapita wapi kwenye slabu nzima? Akausikia na mlio, mdogo sana, mbao ikilia. Nadhani hakuna mwingine aliyeusikia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anausubiri.

Alipiga magoti mbele ya bibi Tusajigwe, kwenye vumbi la saruji, na koti lake la msibani.

"Nimekosea, mama," alisema.

Hakusikika. Akarudia, safari hii kwa sauti iliyopasuka, iliyofika hadi upande wa barabara. "Nimekosea! Kichwa changu kimenidanganya. Zege hili ni changa, nguzo nimeamuru mimi zitolewe, na Baraka aliniuliza nikamfokea. Nimekosea mimi, Lutufyo. Litaanguka. Kwa jina la Mungu, ondokeni!"

Atupele, aliyekuwa amekaa nyuma na akina mama wa kanisani, alinyanyuka wa kwanza. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akamshika jirani yake akamvuta, "Tokeni, jamani! Mnamjua huyu. Tokeni!" Na hapo ndipo watu walipoamini. Mabenchi yalipinduka, watoto wakanyakuliwa, mchungaji akawa anawaelekeza kwa Biblia mkononi. Lutufyo alimbeba bibi Tusajigwe mwenyewe, mikononi, kiti kikabaki. Bibi alikuwa mwepesi.

Upande wote ulipobaki mtupu, Prosper na wenzake walikuja mbio na mirunda mabegani wairudishe. Lutufyo akawatanulia mikono.

"Hakuna anayeingia!"

"Dakika mbili, baba, tunaishikiza."

"Nimesema hakuna!"

Mwalimu wa kwaya alitaka kinanda chake, kiko hatua tano tu pale. Lutufyo alimkamata ukosi akamrudisha nyuma. Baraka alileta kamba, wakaizungusha kutoka nguzo hadi nguzo. Watu wakasimama mvuani, na maneno yakaanza upya. Nusu saa ilipita. Slabu imekaa pale pale. Saa nzima. Wengine walikuwa wanacheka kwa hasira. "Haya, liko wapi la kuanguka?" "Ametuaibisha msibani bure." Lutufyo alisikia, akaendelea kuilinda kamba. Nadhani saa ile ndiyo ndefu kuliko zote alizowahi kuishi, maana alikuwa anaomba lisianguke, na huku anajua kwamba lisipoanguka hatakuwa na uso wa kutembea nao Kyimo.

Wakaenda kuzika, mvua imepungua. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya marehemu mwenyewe. Lutufyo alisimama mbali na wenzake, na hakuna aliyemsogelea. Jeneza likashushwa. Mchungaji akaokota udongo, akasema "mavumbini", na ardhi ikatikisika chini ya miguu yao. Ukafuata mshindo mmoja mzito, kama lori linalomwaga kokoto, halafu tofali zikasikika zikiporomoka moja moja kwa muda mrefu.

Akina mama wote, kwa wakati mmoja, walianza kutafuta watoto wao kwa mikono, wakigusa vichwa, wakihesabu. Bibi Tusajigwe alikaa chini, pale pale kwenye udongo wa kaburi. Prosper alivuka akaja kusimama karibu na Lutufyo, akaushika mkono wake, na hakuuachia mpaka kaburi lilipojaa.

Jenifer alifika kwa teksi saa kumi na robo, buti zake mguuni. Aliangalia lile shimo la upande wa migomba, nondo zimepinda, kinanda kimelaliwa na bimu. Kiti cha bibi hakikuonekana kabisa. Alifunika uso akalia, injinia mzima, na hakuona haya.

Jumatatu walikutana ofisini kwa kikundi: Jenifer, Lutufyo, na Erasto, mwenyekiti. Programu ilikuwa inadai taarifa ya ajali, na ikishajazwa inakwenda kwa wahusika wote na haifutiki. Erasto alifunga mlango.

"Tusiangamizane," alisema. "Tuandike mirunda iliibwa wakati wa msiba. Nani atabisha? Fundi, jina lako likikaa humo, hujengi tena. Ni la milele hilo."

Jenifer alimtazama Lutufyo.

Lutufyo alinyoosha mkono. "Nipe hiyo simu, mwanangu. Nionyeshe pa kuandika."

Aliandika polepole, kidole kimoja, miwani puani. Kipande cha jengo: slabu ya migombani. Umri wa zege: siku kumi na mbili, hapo hakuhitaji kukumbuka, programu ilijaza yenyewe. Aliyeidhinisha kutoa nguzo: aliandika jina lake, la ubatizo na la ukoo, yote mawili. Aliyetoa tahadhari kabla: akaandika Baraka. Erasto alishusha pumzi akageukia dirishani.

Swali la mwisho lilikuwa idadi ya waliojeruhiwa. Lutufyo alibonyeza sifuri.

Kijisanduku kikaruka kwenye kioo, na maneno mawili ndani yake. *Una uhakika?*

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaanza kuwataja kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, waliokuwa wamekaa upande wa migomba. Bibi Tusajigwe. Mjane. Mama wa yule mtoto anayenyonya, na mtoto. Akina mama wa kanisani, benchi la kwanza, benchi la pili. Atupele. Aliwataja wote, vidole vikajaa na kurudiwa, na Jenifer hakumharakisha. Alipomaliza alihesabu tena tangu mwanzo, kwa kuwa kichwa chake sasa alikuwa hakiamini, kisha akabonyeza ndiyo.